Pampu ya maji ya Hilux ya dizeli inavuja: nibadilishe sasa, au nimruhusu fundi azibe tundu?

Mwenye uzi, Mtwara

Habari za leo, wakuu. Nina Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 3L (ni jina la aina ya injini, si lita tatu), dizeli isiyo na turbo, ambayo kwa miaka sita imenisaidia kubeba pembejeo na korosho kati ya Mtwara mjini, Tandahimba na Newala. Mwezi uliopita nilianza kukuta matone ya maji chini ya injini kila asubuhi, upande wa mbele, nikadhani ni hozi imelegea, hivyo nikawa naongeza maji kwenye rejeta na kuendelea na kazi. Jumamosi iliyopita, nikipandisha kuelekea Newala nikiwa na mzigo, mshale wa geji ya joto ulikaribia alama nyekundu. Nilisimama, nikasubiri injini ipoe kwa zaidi ya saa moja, na nilipofungua mfuniko rejeta ikameza karibu lita tatu.

Fundi wa mtaani kwetu ameona kwamba maji yanatoka kwenye tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Ushauri wake ni kuliziba kwa gundi ya chuma, kisha kuitoa thamostati (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) moja kwa moja ili maji yazunguke bila kizuizi. Msimu umefika na nimebakiza siku kumi na mbili kabla ya kuanza kusomba korosho kutoka shambani kwenda ghala la chama cha msingi. Je, njia hiyo itanivusha msimu, au nifungue mfuko ninunue pampu? Niseme pia kwamba maji ninayotumia ni ya kisima cha nyumbani, na yana chumvi.

Dereva, Mangaka

Ndugu yangu, usikubali. Mimi nilizibiwa tundu hilo hilo, na wiki chache baadaye beringi ya pampu ilisagika, feni ikayumba na kuingia kwenye rejeta. Nililala Nyangao siku mbili nikisubiri spea, na hasara yake ilizidi mara kadhaa bei ya pampu niliyokuwa nakwepa kuinunua.

Fundi mstaafu, Lindi

Pole sana kwa usumbufu. Naomba nieleze kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili nimeliona likiua injini nyingi ambazo hazikustahili kufa.

Ndani ya pampu kuna shafti moja: mbele imeshika puli na feni, nyuma imeshika mapanga yanayosukuma maji. Katikati kuna beringi yenye grisi, na kati ya beringi na maji kuna sili, yaani kizuizi cha maji. Sili inapochakaa, maji hupenya, na watengenezaji wameacha tundu lile kwa makusudi ili maji hayo yatoke nje kabla hayajaifikia beringi na kuosha grisi yake. Ukiliziba, hujazuia uvujaji hata kidogo. Umeuelekeza kwenye beringi tu, na yaliyomkuta mwenzetu wa Mangaka ndiyo matokeo yake.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha mambo mawili. Kwanza, thibitisha kwamba ni pampu kweli. Injini ikiwa ya baridi na imezimwa, futa sehemu yote ya mbele iwe kavu, utandike kipande cha boksi chini yake usiku kucha, na asubuhi utazame kwa tochi maji yameanzia wapi, kwa kuwa hozi iliyopasuka juu huweza kudondoshea pampu ikasingiziwa. Shika puli kwa mikono miwili uitikise mbele na nyuma. Ukisikia mchezo, yaani inacheza kwa kulegea, beringi imekwisha. Usipime kwa kushika ncha za feni peke yake, maana klachi ya feni nayo huwa na mchezo wake mdogo.

Pili, kwa kuwa gari limekaribia kuchemsha, kagua gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji, oili na mgandamizo wa silinda. Chomoa kijiti cha oili: ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Asubuhi, kabla ya kuwasha, bonyeza hozi ya juu. Ikiwa ngumu ilhali injini imelala usiku mzima, upo mgandamizo unaoingia kutoka kwenye silinda. Pia washa injini mfuniko ukiwa wazi, ila ikiwa ya baridi tu, uangalie kama kuna mapovu yasiyokoma. Ukiona dalili hizo, pampu mpya haitakuponya.

Habari njema ni kwamba pampu ya 3L inazungushwa na mkanda wa feni. Zipo injini nyingine za dizeli, kwa mfano baadhi ya 1.9 TDI za Volkswagen, ambazo pampu yake huzungushwa na mkanda wa taimingi, na huko kazi ni nzito zaidi.

Kazi yenyewe: legeza nati za puli kabla ya kulegeza mkanda, kwa sababu mkanda ndio unaoishikilia puli isizunguke. Bolti za pampu hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la pampu kwenye boksi, toboa matundu, na uchomeke kila bolti mahali pake. Kwangua gasketi ya zamani taratibu mpaka uso wa chuma ung'ae, bila kuuchimba. Tumia gasketi mpya, na kama utapaka silikoni iwe nyembamba sana, kwani ile inayobanwa ndani hukatika na kwenda kuziba vijia vya rejeta. Kaza kwa kupishana, hatua kwa hatua.

Muuza spea, Masasi

Niongeze upande wa spea, kaka. Usifike dukani ukasema tu "pampu ya Hilux", kwani Hilux zimekuja na injini nyingi. Taja 3L, na ikiwezekana njoo na pampu ya zamani ili tuweke uso kwa uso, tulinganishe matundu ya bolti, urefu wa shafti na upana wa mapanga. Wateja wengi huulizia mtumba ya Japani wakiamini ni bora kuliko mpya. Kwa vipuri vingine ninakubali, lakini sili ya pampu iliyokaa kavu muda mrefu hakuna anayejua imebakiza uhai gani, na mimi mwenyewe singemuuzia ndugu yangu. Nunua mpya ya kampuni inayoaminika, yenye gasketi yake ndani ya boksi, uchukue na mkanda kama wa sasa umeanza kupasuka.

Mchangiaji, Nachingwea

Kuhusu pampu nakubaliana nanyi, ila thamostati aitoe tu. Ukanda wetu una joto mwaka mzima na mimi nimeendesha bila hiyo kwa muda mrefu.

Fundi mstaafu, Lindi

Nakuheshimu, lakini hapo tunatofautiana. Dizeli inahitaji joto lake ili iungue vizuri. Ikikimbia ikiwa ya baridi hutoa moshi, hula mafuta zaidi na silinda huchakaa mapema. Isitoshe, katika injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani na mzigo gari linaweza kuchemsha kwa sababu ya dawa yenyewe. Ukiitilia shaka, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Ifunguke kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine.

Na hayo maji ya kisima, mzee mwenzangu, ndiyo yaliyoila sili. Tumia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji, ambayo kazi yake si baridi tu: inazuia kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu hupandisha kiwango cha kuchemka. Changanya na maji yaliyosafishwa, au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Maji yaliyosafishwa huuzwa kwenye maduka ya betri, lakini soma chupa vizuri, kwa maana asidi nayo watu huiita maji ya betri. Kulanti ya zamani usiimwage uani, kwani ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto, mbuzi na paka.

Mwenye uzi, Mtwara

Shikamoo mzee, na ninawashukuru nyote. Nimerudi kuwapa mrejesho.

Oili ilikuwa safi na hozi ilikuwa laini asubuhi, hivyo nikaagiza pampu, gasketi na mkanda kutoka Masasi. Tulipofungua, nilisikitika. Mapanga yalikuwa yameliwa na kutu kingo zote kama jani lililotafunwa na viwavi, na kuzunguka sili kulikuwa na ukoko mweupe mgumu, ule ule unaoota ndani ya birika letu la chai. Tulisukuma maji ndani ya injini mara saba. Mara tatu za kwanza yalitoka mekundu kama udongo wa Newala. Thamostati ilifunguka vizuri kwenye sufuria, tukairudisha. Kwa kuchanganya kulanti nilitumia maji ya mvua kutoka kwenye simtanki la shemeji yangu wa Tandahimba, kisha tukaiacha injini ikizunguka mfuniko ukiwa wazi mpaka hewa yote ilipotoka.

Jana nimekwenda Newala na kurudi nikiwa na mzigo kamili. Mshale haukuvuka nusu, na boksi nililotandika usiku limeamka kavu. Swali langu la mwisho: mkanda mpya umeanza kulia kidogo ninapowasha asubuhi. Je, niukaze?

Fundi mstaafu, Lindi

Marahaba. Ndiyo, mkanda mpya hulegea siku za mwanzo. Injini ikiwa imezimwa, ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Uzame kama sentimita moja. Usiukaze kupita hapo, kwani utaielemea beringi ya pampu uliyoifunga juzi.