MREJESHO: Mkopo wa kupunguza matumizi ya umeme kwenye gesti

Habari zenu wakuu. Niliuliza nani anaweza kutukopesha tubadili taa na hita za gesti yetu Morogoro bila kuweka hati ya nyumba rehani.

Benki ya kwanza iling'ang'ania hati. Tumekopa SACCOS, dhamana ni akiba na wadhamini wawili. Aliyeshauri tuanze na taa, ubarikiwe sana! Korido na nje tulikuwa na tyubu 40 za wati 36, zinawaka kwa saa 12 kila usiku. Sasa ni LED za wati 18. Tunaokoa uniti 8.64 kwa usiku, yaani kama 259 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, ni karibu 92,000, na rejesho la mkopo tumelipanga chini ya hapo. Hesabu hiyo ndiyo iliyomtuliza mama, maana nyumba ni yake.

AC hatukopei, ikifa moja, tutanunua ya invata, ile inayokula umeme kidogo.

Hita za sola bado, paa lenyewe linahitaji kuimarishwa kwanza. Mwenye uzoefu na wauzaji wanaopokea malipo kidogo kidogo, naomba aniambie masharti yao kabla hatujasaini.