Jeni ya neva haizimiki, nakosea wapi?

Swali
Wapendwa, wiki ya tatu sasa nawalisha minyoo wa C. elegans bakteria wa HT115 wenye RNA ya nyuzi mbili, nizime jeni moja ya neva. Sahani za unc-22, jeni nyingine niliyoiweka kama kipimo, zinaitika: chini ya darubini mnyoo anatetemeka mwili mzima, misuli inacheza hata akiwa ametulia. Inapendeza kutazama! Kwa jeni yangu, hakuna badiliko. Nibadili IPTG, ile kemikali inayowafanya bakteria watengeneze RNA hiyo?

Jibu
Acha IPTG, ingekuwa mbovu unc-22 isingeitika. Hiyo ni jeni ya misuli, na misuli huipokea RNA kirahisi. Neva nyingi zina SID-1 kidogo mno, ile protini inayoipitisha RNA hadi ndani ya seli. Tafuta minyoo walioongezewa SID-1 kwenye neva, au wenye rrf-3 iliyoharibika, jeni ambayo ikikosekana uzimaji huu hupata nguvu zaidi. Hao wa rrf-3 usiwaweke kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, watakuwa tasa, 20 inatosha.

Jibu
Naongezea: unawatazama waliokula au watoto wao? Protini iliyokwisha tengenezwa haiondoki kwa sababu umekata RNA yake. Anza na mama wa hatua ya L4, yaani ya mwisho kabla ya utu uzima, upime kizazi kinachofuata.

Aliyeuliza
Nilikuwa natazama waliokula wenyewe. Asanteni sana, ndugu zangu. Leo jioni nahamisha L4 kumi, na minyoo wa rrf-3 nimeshaomba maabara ya jirani.