Vyuo 18 vya Marekani, na mfuko ni huu wa mitumba

Mama Gikomba: Binti amemaliza kidato cha nne, kaniletea orodha ya vyuo 18, vyote majina makubwa. Ada ya maombi pekee dola 75 hapa, 90 pale. Nipunguze vipi?

Jirani wa Umoja: Mama, uliza kwanza kama chuo kinamfadhili mgeni. Harvard na MIT hufadhili, ila wanaoachwa nje ni wengi mno, abakize kimoja. Berea, kule Kentucky, haitozi karo. Vya serikali humtoza mgeni bei kali, msaada kiduchu. Futa.

Mwalimu: Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, ina sehemu ya kuomba msamaha wa ada. Fomu ya KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, pia ajaze, jamani!

Mama Gikomba: Asanteni. Nimefuta kumi, amenuna. KUCCPS tunajaza leo hapo saiba, duka la intaneti.