Bolti za Mark 4 zinakwama: nitumie mafuta gani?

MlinziWaStoo (Jinja)

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kampuni ya ulinzi hapa Jinja. Tuna bunduki za Mark 4 kumi na moja, zile za kukoki kwa mkono, risasi .303. Mzee aliyekuwa akizitunza alistaafu mwezi wa pili, nikakabidhiwa ufunguo wa stoo, kopo moja, na brashi iliyonyonyoka nywele zote. Maelezo, hakuna.

Juzi Jumanne, kwenye gwaride la saa kumi na mbili jioni, nikamwambia askari mmoja afungue bolti, kile chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu, nihakikishe chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu. Akavuta, haikwenda. Akavuta tena, wapi! Basi akasimamisha kitako chini, akaanza kukipiga kishikio cha bolti kwa kisigino cha buti, mdomo wa bunduki uko chini ya kidevu chake mwenyewe. Nilipiga kelele mpaka kijana wa rolex, zile chapati za mayai, pale getini akasahau yai lake kwenye moto. Kwa neema ya Mungu haikuwa na risasi.

Baadaye nikaitoa ile bolti. Imevaa ngozi ya manjano, inanata kama utomvu wa fenesi. Nikanusa: mandazi! Kumuuliza, akasema ofisi haijaleta mafuta tangu mwaka jana, kwa hiyo yeye huchota kidogo kwenye karai la mke wake. Nilishindwa hata kumkaripia.

Sasa stoo nina vitu vitatu: chupa ya oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye bodaboda, kopo la grisi nyekundu ya bearingi, na kopo la kupulizia la WD-40, limebaki nusu. Bosi anasema mafuta ni mafuta, nipake tu niache maneno. Lindo moja liko kwenye ghala karibu na ziwa, asubuhi chuma kinatoa jasho. Lindo la pili liko kwenye mashine ya kusaga kokoto, huko mtu anarudi mweupe kama aliyelala kwenye unga. Ninunue nini, na nipake wapi?

FundiMstaafu (Arua)

Mwanangu, huyo askari wako amezaliwa mara ya pili. Kabla ya habari ya mafuta: mtu yeyote akishika bunduki stoo kwako, atoe magazini, afungue bolti, atazame chemba kwa jicho halafu aingize kidole kidogo. Ikikataa kufunguka, wewe uihesabu kuwa ina risasi, mdomo uelekee kwenye mifuko ya mchanga, na kisigino kisiikaribie. Nimetengeneza silaha miaka mingi, na hizo za Mark 4 nimezifungua mpaka usiku nikaziota.

Mafuta ya kula, hapana, hata yawe ya bei gani. Yakikaa hewani yanageuka gundi. Tazama ule ukoko wa kahawia ubavuni mwa karai, ndio huo uliokuwa kwenye bolti. Utoe kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ufanyie nje, mvuta sigara akae mbali. Ukimaliza kausha, kisha paka mafuta ya kweli siku hiyohiyo, maana mafuta ya taa yakishakauka chuma kinabaki uchi na kutu haina subira.

Oili chafu irudi ilikotoka. Imebeba masizi, asidi na unga wa chuma wa injini ya watu, utakuwa unapaka msasa wa maji. Lakini oili mpya ya injini, ile nyepesi ya kwenye kopo lililofungwa, inafaa kabisa kama huna mafuta ya bunduki. WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa kazi ya kufukuza maji, na hiyo 40 ni hesabu ya majaribio mpaka wakaipata. Bunduki ikinyeshewa ipulizie, ifute, halafu weka oili. Ukiiacha peke yake inayeyukia hewani, na inachobakiza ni utando mwembamba tu.

Hiyo grisi nyekundu usiitupe. Bolti ya Mauser, ile bunduki ya Kijerumani, ina masikio ya kufungia, yaani vinundu vinavyoishika isirudi nyuma, na yako mbele, jirani na chemba. Lee-Enfield, ndiyo hiyo Mark 4 yako, masikio yake yako nyuma: moja fupi upande wa kushoto, na ule ubavu mrefu wa kulia. Hapo ndipo chuma kinasagana na chuma kila unapofunga. Weka grisi kiasi cha punje ya mchele kila upande. Punje nyingine weka nyuma kabisa ya bolti, pale kile kijiti cha kokingi kinapopanda mteremko. Hapo kazi ya grisi imekwisha, funika kopo. Nilikuwa na kuruta mmoja alipaka bolti nzima kama mkate wa siagi. Tukiwa uwanja wa shabaha, klik, hakuna mlio. Grisi ilikuwa imeingia ndani, sindano ya kufyatulia inakwenda polepole, inaligusa fataki la kitako cha risasi badala ya kuligonga.

Mwili wa bolti: matone mawili ya oili nyepesi, sambaza kwa kitambaa, halafu futa mpaka ukipitisha kidole king'ae lakini kisilowe. Chemba na ndani ya mtutu viwe vikavu kabla ya zamu. Risasi ikilia, ganda la shaba hutanuka likabana kuta za chemba, na kule kubana kunaipunguzia bolti mzigo. Chemba ikiwa na mafuta ganda linateleza, teke lote linaangukia bolti na masikio yake. Bunduki yenye umri wa babu yako usiifanyie hivyo.

Jingine ambalo hukuuliza. Ukizisafisha zote kumi na moja pamoja usichanganye bolti! Tazama namba nyuma ya kishikio, ilingane na namba ya mwili wa bunduki. Kila bolti ililinganishwa na chemba yake, na hata kile kichwa cha bolti kinachofunguka kwa kuzungushwa kama skrubu kina saizi zake, 0 mpaka 3. Sisi tulitandika gunia, tunamaliza moja ndipo tunafungua nyingine.

Vumbi_la_Moroto

Shikamoo mzee. Nakubali yote ila moja. Nimelinda ghala la chakula huku Karamoja miaka mitatu, na Januari upepo ukianza, hayo matone mawili ni tope. Asubuhi unafuta, saa nne bolti inasaga meno, krr krr. Mimi nilikuwa nafuta mwili wa bolti mpaka ukauke kabisa, nabakiza grisi kwenye masikio tu. Kutu? Huku mvua yenyewe inakuja kwa barua ya mwaliko.

Na wewe wa Jinja, waambie hao wa kokoto wasizibe mdomo wa bunduki kwa kitambaa eti kuzuia vumbi. Tulikuwa na mmoja alisahau kabisa kwamba ameziba. Tuligundua siku ya ukaguzi, tukabaki tunatazamana. Angefyatua, mtutu ungepasuka usoni kwake.

FundiMstaafu (Arua)

Marahaba. Kwa Moroto uko sahihi, na kwenye kokoto pia afanye hivyohivyo, bolti iwe kavu. Nilichosema mimi ni cha ziwani.

MamaCherehani (Busia)

Jamani bunduki siijui na sitaki kuijua, nimeingia hapa kwa sababu ya mafuta. Cherehani yangu ina miaka kumi na tisa haijawahi kukwama. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hayana rangi, hayatoi gundi, ila hayakai: mimi natia kila asubuhi kabla ya kazi, tone moja kila tundu, halafu nashona kwenye kitambaa kibovu yale ya ziada yatoke. Kama ni kitu cha kufutwa kila siku, si hayo yatamtosha huyu kaka?

Lakini angalia unaponunua. Sokoni kuna watu wanachanganya na mafuta ya taa wanajaza vichupa. Dondosha tone kwenye karatasi, weka na kwenye kidole unuse. Yakinuka taa, mrudishie.

FundiMstaafu (Arua)

Mama, wewe ungekuwa kikosini ungevaa nyota. Ndiyo, yanafaa, hasa kwa sindano na spiringi iliyo ndani ya bolti. Kuifungua ile sindano kunahitaji kifaa maalumu, kijana asijaribu kwa koleo. Ashike bolti wima, adondoshe matone mawili kwa nyuma, aache yashuke, afute. Kwa ziwani tu nje aongeze oili nzito kidogo.

MlinziWaStoo (Jinja)

Asanteni sana, wazee wangu na mama yangu. Nimepata mafuta ya cherehani chupa mbili na oili ya injini kopo dogo, kwa pesa yangu, risiti nimempelekea bosi naye ameitazama kama barua ya mahakama. Swali la mwisho: risasi zetu ni za zamani, na nimeambiwa mwezi ujao tunakwenda kulenga shabaha. Nikirudi nipake oili hiyohiyo ndani ya mtutu, imetosha?

FundiMstaafu (Arua)

Haitoshi! Umefanya vizuri kuuliza. Fataki za zile .303 za zamani zinaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi inavuta unyevu wa hewa, wewe uko ziwani. Oili haiyeyushi chumvi, inaifunika tu, na kutu inakula chini kwa chini. Chumvi dawa yake maji. Siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha jioni, toa bolti, weka faneli upande wa chemba, mimina maji yaliyochemka birika nzima yatokee mdomoni. Waingereza waliwapa askari wao faneli ya kazi hiyo. Moto wa maji unasaidia mtutu ukauke haraka. Uso wa kichwa cha bolti nao uufute kwa kitambaa cha maji moto, chumvi inafika pale pia. Kisha kitambaa kikavu, kingine kikavu, ndipo oili. Kesho yake pitisha kitambaa tena, kikitoka na rangi ya chai rudia.

Fungua kile kimlango cha shaba kwenye kitako. Kama hawajaiba, utakuta kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia. Dondosha uzito wa kamba kutoka upande wa chemba, vuta moja kwa moja kutokea mdomoni, isisugue ukingo. Nimeona mitutu iliyochongwa na kamba mpaka mdomo ukawa na mfereji.

MlinziWaStoo (Jinja)

Nimefungua vimlango vyote kumi na moja sasa hivi. Kichupa kimoja, kamba mbili, na cha nane nimekuta noti ya elfu moja imekunjwa mara nne. Yule askari wa mandazi anasema ni yake.