Stika za kuzuia mionzi ya simu: zinakinga au ni zindiko tu?

Mwenye mada, Majengo
Hamjambo wenzangu. Mtaani kwetu wameingia wauzaji wa stika za rangi ya dhahabu za kubandika nyuma ya simu, shilingi 1,500 moja, na vidani vya shingoni kwa bei ya juu zaidi. Wanadai vinazuia mionzi kwa asilimia 99 na netiweki haipungui hata chembe.

Msimamo wangu ni kwamba dai hilo linajipinga lenyewe. Simu inazungumza na mnara kwa mawimbi hayo hayo yanayosemekana yamezuiwa. Hakuna mengine ya siri yanayobeba sauti. Yakizibwa kweli kwa kiasi hicho, vijiti vya netiweki vishuke, na ukiingia kwenye nyumba za mawe za Mji wa Kale hapa Mombasa simu ianze kukata. Isipokata, kilichozuiwa ni nini?

Mwenye shaka aizungushie simu foili ya jikoni tabaka kadhaa bila kuacha upenyo, kisha apigiwe. Tangu mwaka 1836 mwanasayansi Michael Faraday alionyesha kuwa kizimba cha chuma hukinga kilichomo ndani. Stika ya ukubwa wa stempu haijazungushia kitu. Marekani, tume ya biashara FTC iliwashtaki wauzaji wa vitu hivi mwaka 2002, na imeonya kwamba kuziba sehemu moja ya simu kunaweza kuifanya itoe nguvu zaidi ikihangaika kuufikia mnara.

Mwenye hoja tofauti na aje.

Mama wa Kisauni
Wewe wazungumza fizikia, mimi nazungumza usingizi. Tangu nibandike, kichwa hakiniumi. Na mwaka 2011 shirika la saratani la WHO si lilisema mawimbi ya simu huenda yakaleta saratani? Mwataka tuugue kwanza ndipo mkubali?

Mwenye mada, Majengo
Shikamoo mama. Ni kweli, IARC waliyaweka kwenye kundi la 2B, lenye maana kwamba ushahidi ni haba ila hauwezi kutupwa. Dondoo la jani zima la mshubiri limo kundi hilo hilo. Mwaka 2024 uchambuzi ulioagizwa na WHO haukuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo. Lakini hata tuseme mawimbi yanadhuru, hilo halithibitishi kuwa stika inayazuia. Dawa haiwi dawa kwa sababu ugonjwa upo.

Kuhusu kichwa, mwambie mwanao akubandikie stika ya kweli wiki moja, na wiki nyingine ya bandia inayofanana nayo, asikwambie ipi ni ipi, wewe uandike siku zinazokuuma. Watafiti wamewajaribu hivyo watu wanaosema mawimbi yanawaumiza. Hawakuweza kutambua kifaa kimewashwa au kimezimwa, na wengi waliumwa hata kikiwa kimezimwa. Maumivu yao yalikuwa ya kweli.

Fundi simu, Mwembe Tayari
Mimi nafungua simu kila siku. Mtu yuaja, "betri yaisha mbio, netiweki mbovu." Natoa kava, nakuta kibati cha stika hizo kimekaa juu ya antena. Nakibandua, simu yapona, na fedha ya ufundi naona haya kuidai (naidai lakini).

Sasa kile kimita kinacholia, anachotumia muuzaji kuonyesha kwamba stika yafanya kazi. Simu haitoi nguvu ile ile muda wote: ikianza kupiga hutoa nyingi, ikishashikana na mnara hupunguza. Muuzaji apima bila stika mwanzo wa kupiga, kisha abandika simu imetulia. Namba itakosaje kushuka? Mwambieni aanze na stika, halafu aibandue, muone uso wake.

Huko Uingereza mwaka 2020 waliuziwa flashi ya kuzuia 5G kwa zaidi ya pauni 300. Ilipofunguliwa, ni flashi ya MB 128. Hapa hata bure huiokoti.

Mwenye mada, Majengo
Hizo flashi angalau hazidhuru. Ninachoogopa ni vidani. Desemba 2021 mamlaka ya nyuklia ya Uholanzi, ANVS, ilipima bidhaa kumi za "kinga ya 5G" ikakuta zinatoa mionzi yenyewe, ile inayoweza kuharibu seli, jambo ambalo mawimbi ya simu hayana nguvu ya kulifanya. Baadhi ya vidani vya namna hii vimekutwa na thoriamu, madini yale yale yanayoupa mlima Mrima wa Kwale sifa ya mionzi. Mtoto asilale nacho kifuani.

Wa Tudor
Na mnara uliosimamishwa ghorofa ya jirani bila kutuuliza?

Mwenye mada, Majengo
Hiyo ni hoja ya haki, ipelekeni NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mkadai tathmini ya mazingira. Stika ya nyuma ya simu haitaugusa mnara. Anayetaka kupunguza mawimbi kichwani atumie spika. Umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hushuka hadi karibu robo ya ilivyokuwa.

Mama wa Kisauni
La mwanangu nitalijaribu. Stika ikishindwa, 1,500 zangu?

Fundi simu, Mwembe Tayari
Sheria ya kuwalinda wateja ya 2012 inakataza kuuza kitu kwa sifa kisizokuwa nazo. Una risiti?

Mama wa Kisauni
Risiti hakunipa. Namba yake ninayo.