Nakereza mpingo: kope zinavimba, usiku kifua kinabana. Ni kweli mwili utazoea?

Mkerezaji_Moro
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu na mbao ngumu.

Nakereza hapa Morogoro, mwaka wa 7 sasa. Kazi yangu ilikuwa miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, mkangazi na mninga, na shida kubwa ilikuwa chafya tu. Mwezi wa pili nikapata oda ya bangili na bakuli za mpingo. Wiki tatu za mwanzo zilipita salama. Baada ya hapo mikono ikaanza kuwasha kwenye mikunjo ya viwiko, kisha shingo, pale kola inapogusa. Asubuhi naamka kope zimevimba jicho halifunguki vizuri. Nikipenga kamasi linatoka jeusi lenye uzambarau.

Juzi nilienda msibani Iringa siku tano. Nilipona kabisa. Nimerudi Jumatatu, nimepiga msasa bakuli mbili tu, usiku nikaamka nakohoa na kifua kinapiga mluzi. Wenzangu wanasema nivumilie, mwili utazoea. Oda bado bangili 60 na advansi nimeshakula. Nifanyeje?

KijanaWaMbao
Pole sana mkuu. Kunywa maziwa fresh nusu lita kila ukimaliza kazi, yanaosha vumbi. Sisi kiwandani tulikuwa tunapewa.

BabaSalma
Pole mwanangu. Nimekereza tangu 1989, nikuambie lililonipata. Mimi adui yangu ni mvule. Niliukereza miaka kumi na moja bila neno, halafu siku moja mikono ikachanika vipele vya maji. Nikaambiwa hayo hayo, utazoea. Sikuzoea. Kila mwaka ilihitaji vumbi dogo zaidi kunilaza. Leo jirani akipasua mvule nyuma ya ukuta, macho yananiambia kabla sijausikia msumeno.

Tena usije ukavaa glavu kwenye mashine ukidhani unakinga mikono. Gogo linalozunguka likidaka uzi mmoja wa glavu linavuta mkono mzima. Nimeliona kwa macho yangu na sitaki kulisimulia. Mikono iwe mitupu, mikono ya shati ibane, ukimaliza unaosha kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko.

Tabibu_Mlimani
Mkuu, mimi ni tabibu. Umeshajipima mwenyewe bila kujua: ukiondoka unapona, ukirudi inarudi.

Ndani ya mpingo kuna kemikali za jamii ya kwinoni. Wiki zile tatu ulipokuwa mzima, kinga ya mwili ilikuwa inazitambua. Ikishazitambua, chembe kidogo zinatosha kuamsha vita. Ndiyo maana neno "utazoea" ni baya sana kwenye aleji, kwa sababu mambo huenda kinyume chake. Vipele vyenyewe huchukua siku 1 hadi 3 kutokea, kwa hiyo watu wengi humlaumu samaki wa jana wakati kosa ni la mbao za juzi.

Ngozi inauma, lakini mimi kinachonitia hofu ni huo mluzi. Pumu ya vumbi la mbao hupenda kubana usiku, ukiwa umeshatoka kazini. Ukiiendekeza kwa miezi inaweza kubaki nawe hata ukiacha ufundi. Simamisha mpingo leo, nenda hospitali wiki hii, wataje kwa majina miti yote unayokereza, na uombe kupimwa nguvu ya pumzi siku za kazi na siku za kupumzika. Ikibana mpaka ushindwe kumaliza sentensi, usisubiri kukuche.

Maziwa, ndugu KijanaWaMbao, yanakwenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu. Mwajiri anayegawa maziwa bila barakoa hajamkinga mtu. Na hii si ya mpingo peke yake: tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani, hasa ya pua.

Mchongaji254
Pole ndugu. Huku Mombasa muhugu ndio unatusumbua hivyo, wazee wanaujua vizuri. Wachongaji wengi tulihamia mwarobaini na mwembe miti ile ilipoadimika. Lakini mwembe nao ujaribu polepole, kuna watu utomvu wake unawawasha. Na mke wako asikung'utie ovaroli ndani ya nyumba. Wangu alianza kuwashwa mikono kwa kufua nguo zangu tu.

Mkerezaji_Moro
Asanteni sana, hasa mzee wangu BabaSalma. Hilo la ovaroli limenigusa, mtoto wangu mdogo hunirukia mlangoni nikiwa bado na vumbi.

Tabibu, barakoa ya kitambaa inafaa?

Tabibu_Mlimani
Hapana. Vumbi la msasa ni laini mno, linapita. Tafuta N95 au FFP2 inayobana usoni, na ndevu zinaipunguzia kazi. Feni isikupulizie usoni, iwe upande unaolitoa vumbi nje. Lakini kwako wewe, kwa mpingo, barakoa peke yake haitoshi tena.

BabaSalma
Hizo bangili 60, mpigie mwenye oda umweleze ukweli. Akikubali, niletee magogo nizimalizie mimi, mpingo haujawahi kunidhuru. Advansi tutaelewana. Nipo Msamvu.

Mkerezaji_Moro
Nimempigia, amekubali. Kesho asubuhi natangulia hospitali, mchana nakuletea magogo mzee wangu.