Idadi ya watu uwanjani anayehesabu nani? Mbona tangazo na macho yangu havipatani

Ticha wa Chikongola
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara hapa, wikiendi nilienda kuangalia mechi ya ligi za chini, timu siitaji maana ushahidi sina na kesi sitaki. Sasa jamani jukwaa la mzunguko lilijaa mpaka nikawa nimekaa ubavu, goti la mtu lipo mgongoni kwangu, muuza karanga akipita anakanyaga watu, juu ya ukuta nyuma ya goli vijana wamejipanga kama kunguru. Jioni nasikia walioingia ni 2,000 na kidogo. Aisee mimi ni mwalimu, paredi ya asubuhi ya wanafunzi 1,200 naijua ikisimama inafika wapi, ule umati ulizidi paredi mbili kwa mbali. Alafu ukifungulia mpira wa Uingereza kwenye tivii unaona viti vitupu safu nzima mtangazaji anasoma 50,000 na ushee hana hata aibu. Hivi hii hesabu anaifanya nani na huwa anahesabu nini haswa?

Pweza Mkavu
Hela ishaliwa hiyo mkuu 😂😂 we endelea kula karanga

Geti Namba Tatu
Mwalimu shikamoo kama umenizidi. Mi nipo Lindi, nimesimama getini misimu kadhaa enzi za tiketi za karatasi, ngoja nikwambie ukweli: hakuna mtu anayehesabu watu. Kinachohesabiwa ni tiketi. Asubuhi mnakabidhiwa vitabu, kila kitabu namba zake zinaandikwa kwenye daftari mnasaini, mechi ikiisha mnarudisha masalio, kilichopungua ndo kimeuzwa, zidisha kwa kiingilio hapo una mapato na idadi ya watazamaji imezaliwa humo humo. Kwahiyo ambaye hana tiketi hayupo duniani. Mtoto aliyeshikwa mkono na baba yake hayupo, askari hawapo, waandishi hawapo, msafara wa kiongozi na watu wake kumi na tano waliopita geti la VIP hawapo, na wale kunguru wako wa ukutani ndo kabisa.

Hapo bado mchezo wa getini. Tiketi ukiipokea unatakiwa uichane, kipande kimoja abaki nacho mtu kingine kidondoke kwenye ndoo. Mi nilikuwa na ndoo nyeupe ya lita 20 ya rangi, imebaki alama ya rangi ya bluu pembeni, mechi kubwa uwanja umetapika naangalia ndani ya ndoo haijafika hata nusu. Nikajiuliza hawa wengine wamepitia wapi wakati mageti yapo manne tu. Kumbe wenzangu hawachani, wanaikunja tiketi mkononi dogo anakuja kuichukua inarudi dirishani inauzwa tena. Tiketi moja inaingiza watu watatu, kwenye kitabu ni mtu mmoja. Na waliokuwa wanajua walinyamaza maana mapato yakitangazwa makubwa yanakatwa, VAT asilimia 18, pango la uwanja, na gharama za mchezo kibao. Ukitangaza kidogo unakatwa kidogo.

Mama Noela Ruangwa
Kaka hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi kwenye mechi za Ligi Kuu kuna N-Card unagusa kadi unapita. Huku kwetu Uwanja wa Majaliwa Simba au Yanga wakija kucheza na Namungo watu wanatoka Nachingwea na Masasi wamejazana kwenye Noah, mtandao ndo unajua nani kanunua

Geti Namba Tatu
Dada yangu hilo nakubali limepunguza sana. Ila mfumo una namba mbili, ya waliolipia na ya waliogusa getini, wewe ukitangaziwa moja uliza ni ipi. Mlanguzi akinunua tiketi 200 akakosa wateja, tiketi zimeisha na viti vipo wazi. Na nimeshuhudia sehemu mashine imegoma saa tisa na nusu watu wanasukumana, ikabidi geti lifunguliwe wapite hivi hivi maana bora upoteze hesabu kuliko mtu afe kwa kukanyagwa.

Kijana wa Mikindani
Ticha hilo la Uingereza nalijibu mimi. Kule namba inayosomwa ni tiketi zilizouzwa pamoja na za msimu mzima, mwenye tiketi ya msimu akibaki kwake anakunywa chai bado anahesabiwa kaja. West Ham walipohamia London Stadium 2016 walikuwa wanatangaza zaidi ya 55,000, hesabu za usalama zilipokuja kutoka ikaonekana waliopita getini kwa wastani ni pungufu zaidi ya 10,000. Sio kwamba hawajui waliopo, geti linahesabu kila anayepita kwa ajili ya usalama, ila hiyo namba haisomwi kwenye spika kwasababu mdhamini anataka kusikia uwanja umejaa.

Ila na wao yaliwakuta ya kwetu. Fainali ya FA 1923 pale Wembley, uwanja mpya kabisa, namba rasmi ni 126,047 ila inakadiriwa walikuwepo zaidi ya 200,000, watu waliruka kuta wakajaa mpaka ndani ya uwanja, ikabidi askari wa farasi wawasogeze ndo mpira uanze. Brazil na Uruguay Kombe la Dunia 1950 uwanja wa Maracanã waliolipa ni 173,850, waliokuwemo wanakaribia 200,000. Hiyo tofauti ndo kunguru wako hao.

Pweza Mkavu
Brazil nao walikuwa na geti namba tatu 😂

Ticha wa Chikongola
Marahaba Geti, umenifungua macho. Yaani kule namba kubwa inamvutia mdhamini huku ndogo inapunguza makato, kila mtu anasoma ile inayomlipa. Sasa ngoja, kuna kitu ndo nakikumbuka saa hii. Pale dirishani nilitoa 3,000 nikapewa tiketi imekunjwa ina jasho, nikaona kona moja imeshachanika nikajua labda ni upepo

Geti Namba Tatu
Mwalimu 😂😂😂 wewe ulikuwa mtu wa pili au wa tatu kwenye tiketi hiyo. Kwenye zile 2,000 haumo

Mama Noela Ruangwa
Jamani ticha kawa mtazamaji hewa

Ticha wa Chikongola
Na nilipiga kelele mpaka sauti imekauka, leo nimefundisha kwa kuandika ubaoni tu